Kofia Kwenye Msumari

Siku aliyoondoka, mtunza bwawa aliacha nusu kikombe cha chai mezani, akakifunika kwa kisahani ili nzi wasiingie. Ndiyo ilikuwa tabia yake. Chai ya asubuhi aliinywa kwa awamu mbili, nusu kabla ya kazi na nusu baadaye ikiwa imepoa kabisa. Ukimwambia hiyo si chai tena, ni maji ya kuoshea vyombo, alikujibu kwamba tumbo lake halina kipimajoto.

"Hiyo kofia niachie leo," mkewe alimwambia pale mlangoni. "Inanuka kama kitambaa cha kufutia meza."

"Kofia ya kazi haifuliwi."

"Nani kasema?"

"Kapteni kasema."

Kapteni ndilo jina alilopewa na wenzake hotelini, kwa sababu ya kofia hiyo ya bluu iliyopauka, na kwa sababu alitunza bwawa la kuogelea ilhali mwenyewe kuogelea hajui. Alicheka, akaivuta kofia mpaka kwenye nyusi, akatoka. Wote wawili walifanya kazi hapo hapo, yeye bwawani, mkewe dobi wa hoteli. Chumba chao kilikuwa nyuma, kimeegemea ukuta wa uzio, kwa hiyo safari ya kwenda kazini ilikuwa ni kukata uwanja tu.

Meneja alimkuta ameshainama kwenye kibanda cha pampu. Waya wa pampu ulikuwa umechanwa ganda na mashine ya kukatia majani siku nyingi zilizopita. Kapteni aliufunga kwa tepu nyeusi, tepu ikaachia kwa sababu ya unyevu, akaufunga tena na juu yake akauvisha mfuko wa nailoni kama kidole chenye jeraha. Kila alipoomba waya mpya aliambiwa wiki ijayo. Sasa pampu ilikuwa inazimika na kuwaka yenyewe, na maji yameanza kugeuka kijani.

"Kesho tuna harusi hapa," meneja alisema. "Bibi harusi apigwe picha na vyura?"

"Bosi, huu waya umekwisha. Panatakiwa waya mzima, ule mnene wa mpira, siyo kuungaunga. Na fundi."

"Fundi atakuja baada ya harusi. Wewe unga tu. Si ulishaunga?"

"Nilifunga tepu. Leo shaba iko nje."

Meneja akamshika bega. "Kapteni. Nisaidie."

Neno hilo ndilo lililommaliza. Angefokewa, angegoma, alikuwa na kichwa kigumu kwa watu wa kufoka. Lakini kuombwa hakukuweza.

Swichi ya pale kibandani ilikuwa imeliwa na kutu zamani, kwa hiyo umeme wa pampu ulichukuliwa stoo ya jikoni, kwenye swichi moja na jokofu kubwa la nyama. Kapteni na wapishi walikuwa na utaratibu wao. Akitaka kuigusa pampu, anakuja stoo, anazima, anatundika kofia yake kwenye msumari ulio juu ya swichi. Kofia ikiwa pale, hakuna mkono unaopita, hata barafu iyeyuke. Akimaliza, anakuja mwenyewe, anavaa kofia, anawasha. Hapakuwa na aliyeuandika utaratibu huo popote, na hapakuwa na aliyemweleza dobi, kwa kuwa dobi na swichi ni wapi na wapi.

Basi Kapteni akazima, akatundika kofia, akarudi bwawani na kisu.

Mkewe alipita stoo na kapu lake kukusanya aproni na vitambaa vya jikoni. Akaiona kofia, imening'inia peke yake, ukingo wake umekakamaa kwa jasho na dawa ya maji. Akatabasamu. "Leo nimekupata," akasema, akaitupia kapuni.

Baada yake aliingia mpishi kutoka kupokea nyama getini. Jokofu limelala, maji yanadondoka chini. Akainua macho kwenye msumari. Mtupu. Akajua Kapteni amemaliza, ameshavaa kofia yake, amesahau tu kuwasha. Akawasha. Jokofu likanguruma. Pampu haikunguruma. Mpishi alisubiri kidogo, akatega sikio upande wa uani, kisha akazima tena na kuanza kukimbilia bwawani.

Udobini, mkewe alikuwa anausugua ukingo wa kofia kwa kibrashi. Alisikia mtu anakimbia, akadhani ni mwizi.

*

Meneja alikuja baada ya mazishi, watu wakiwa wameshapungua na viti vya kuazima vimesharudi kwa wenyewe. Ikabidi aketi kwenye ukingo wa kitanda. Alikuja na bahasha, na alikuja na mpishi. Mama yake Kapteni, aliyefika kwa ajili ya msiba na bado hajaondoka, aliipokea bahasha kwa mikono miwili akashukuru, kisha akaona aibu kwamba ameshukuru kabla ya kusikia neno.

"Pole sana, mama. Kazi ya Mungu haina makosa."

"Haina, baba. Na kazi ya watu?"

Meneja akakohoa. "Ndiyo nilikuwa nakuja hapo. Tumeulizia vizuri. Marehemu alikuwa na utaratibu wake wa kutundika kofia akizima umeme. Siku ile hakuitundika. Sasa wenye hoteli wanasema, hicho kilichomo kwenye bahasha ni rambirambi. Fidia haipo. Uzembe haulipiwi fidia."

"Uzembe wa nani?"

"Wa marehemu, mama."

Mama mtu akageuka akaitazama meza. Kikombe kilikuwa bado pale, hakuna aliyethubutu kukiondoa. "Mwanangu alikuwa anafunika chai na kisahani," alisema. "Mtu wa kufunika chai, asahau umeme?"

Akamgeukia mpishi. "Wewe ulikuwa unakula naye. Niangalie mimi, usiangalie viatu. Kofia ilikuwepo?"

"Haikuwepo, mama." Mpishi aliinua macho. "Niliangalia. Naapa niliangalia. Ingekuwepo nisingegusa, hata nyama yote ingeoza."

Mjane alikuwa ameketi mkekani, mtoto wake wa mwisho mapajani. Kofia ilikuwa chini ya kile kitanda ambacho meneja alikikalia, imeviringishwa ndani ya shuka, safi, imekauka. Alifungua mdomo. Mtoto akasema anataka maji. Akainuka kumletea maji, na aliporudi walikuwa wameshahamia kwenye habari za chumba: kwamba chumba ni cha mtunza bwawa, kwamba atakayeajiriwa atakihitaji, kwamba hakuna anayewafukuza, wakae mpaka mwisho wa mwezi.

Wakati wa kutoka meneja alisimama mlangoni. "Ile ndoo nyeupe pale nje. Naona ni ya dawa ya bwawa. Mali ya hoteli ile."

Ilikuwa ndiyo ndoo yao ya maji ya kunywa, Kapteni aliiosha na kuileta nyumbani miaka iliyopita. Mama yake Kapteni, bibi wa watoto, ndiye mwenyewe aliyemwaga maji, akaifuta kwa upande wa khanga yake, akampa mpishi aibebe.

*

"Kofia yake iko wapi?" bibi aliuliza siku iliyofuata. "Nguo mtagawa, mimi sitaki nguo. Nataka ile kofia."

"Labda ilibaki hospitali," mjane alisema. Aliposikia maneno yake mwenyewe alitaka kuyarudisha, lakini bibi alishaanza kutafuta ndara zake.

Alikwenda kwa miguu. Dirisha la kwanza likampeleka dirisha la pili, dirisha la pili likamwambia asubiri mtu wa chumba cha maiti amalize kula. Mtu huyo alipomaliza, alimsikiliza akiwa anachokoa meno. "Bibi, hapa tunatunza maiti. Kofia tungezitunza wapi?" Wenzake wakacheka, si kwa ubaya, kwa kuchoka tu. Mmoja akamhurumia, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa plastiki: mkanda, ndara, bisibisi. Kofia hapana.

Bibi alirudi mchana, akamwaga vile vitu kitandani, akavitazama kwa muda. Mjane alikuwa anakunja shuka za hoteli.

"Njoo tufikiri wote, mwanangu," bibi akasema. "Mimi sikusoma, lakini kuhesabu kuku wangu najua. Kama hakuitundika, basi aliivaa. Si ndiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Kama aliivaa, ingekuwa kwenye huu mfuko. Au ingekuwa pale alipoanguka. Nimemuuliza mlinzi, aliyemwinua, anasema kichwa kilikuwa wazi. Sasa kofia imekwenda wapi, ina miguu?"

Mjane alilaza shuka juu ya shuka, akanyoosha pindo.

"Iliyokuwa msumarini ilitolewa," bibi alisema taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. "Aliyeitoa ndiye aliyemuua mwanangu. Nitakaa hapa mpaka nimjue. Wakitufukuza chumbani nitakaa getini."

Usoni mwake kulikuwa na kitu ambacho hakikuwepo tangu msiba, kitu kama nguvu. Aliosha miguu, akala chakula chote alichopewa, akamsifu mkwewe kwa kupika. Mjane alimsogezea mtoto sahani yake. Alikuwa amebaki na mtu mmoja wa kuita mama duniani, na ndiye huyo.

*

Fundi umeme alikuja baada ya harusi, kama meneja alivyoahidi. Harusi yenyewe ilikuwa imehamishiwa hoteli nyingine.

Alikuwa mtu mzima mnene, anayehema akiinama. Mjane alikuwa anaanika karibu na kibanda, vibanio mdomoni, na alimwona mwanzo mpaka mwisho. Kwanza fundi alikwenda stoo, akazima, akatoa kufuli dogo mfukoni, akalifunga kwenye kisanduku cha swichi na kutumbukiza ufunguo kwenye mfuko wa shati. Jokofu likalala, mpishi alishahamisha nyama. Akaja kwenye pampu, na pamoja na kwamba alizima mwenyewe na kufunga mwenyewe, akagusa nyaya kwa testa, kile kibisibisi cha kupimia umeme, moja moja, kabla ya kuweka kidole.

Hakuunga. Aliufungua mfuniko wa pampu, akautoa waya wa zamani wote, kutoka pampuni mpaka stoo, akautupa majanini. Ulilala pale na ule mfuko wake wa nailoni. Akaleta waya mpya, mnene, mweusi, wa mpira.

"Hebu ona," alimwambia mpishi, aliyekuwa amesimama nyuma yake mikono imefungwa kwenye aproni. "Huu wa kijani na njano ndio unaopeleka umeme ardhini ukivuja. Kwenye ule wa zamani mtu aliukata akauacha. Pampu ilikuwa haina huo waya wa ethi kabisa. Na panatakiwa swichi ya kujizima yenyewe umeme ukivuja, nimemwambia bosi wenu, amekubali. Wakishazika wanakubali."

Akaukaza waya mahali unapoingilia ili maji yasipenye, akaupitisha ndani ya bomba la plastiki juu ukutani, mahali mashine ya majani haifiki. Kisha akauliza, bila kugeuka, "Hapa mtu akiwa kazini mlikuwa mnazuiaje swichi isiwashwe?"

"Kofia," mpishi alisema.

"Kofia?"

"Alikuwa anatundika kofia yake."

Fundi hakucheka. "Kofia ni nzuri. Tatizo lake kila mtu anaweza kuichukua."

"Haikuwepo," mpishi alisema. Alikuwa amekonda, aproni ilimzunguka karibu mara mbili. "Au ilikuwepo. Mimi sijui tena, fundi. Jikoni siku hizi wananiita Swichi. Swichi, lete chumvi. Swichi, usiguse hapo, utatuua. Nacheka nao, nifanyeje. Jana nimesimama stoo, nimeutazama ule msumari mpaka nikaiona kofia kabisa, ya bluu. Nikasema basi. Ilikuwepo. Nilikuwa na haraka, sikuangalia, nimemuua rafiki yangu halafu nikaapa uongo mbele ya mama yake."

Mjane alitoa vibanio mdomoni, kimoja kimoja, akavitia kwenye mfuko wa gauni.

"Uliangalia vizuri," alisema. "Haikuwepo. Niliitoa mimi. Niliipeleka kuifua."

Mpishi alimtazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha asiyoijua. Halafu akaijua. Akachuchumaa, akashika ukingo wa bwawa.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Walipokuwa wanambeba, wewe unalia kwamba kofia haikuwa msumarini, ilikuwa na povu mkononi mwangu."

"Na pale chumbani, ukanisikia naapa."

"Nilikusikia."

"Shemeji," mpishi alisema. Hakumalizia. Alisimama, akaenda zake jikoni, na mpaka leo hajarudia kumwita shemeji. Fundi aliendelea kukaza skrubu iliyokwisha kukazwa, kwa sababu hakujua auweke wapi uso wake.

Mjane alikwenda ofisini mikono ikiwa bado na maji. Njiani alikuwa na wazo moja tu: mumewe hakuwa mzembe, na sasa itabidi waseme hivyo kwa midomo yao. Alisimama mbele ya meza, hakukaribishwa kiti, akaeleza yote. Meneja alimsikiliza kwa makini, na kadiri alivyosikiliza uso wake ulizidi kutulia.

"Kwa hiyo kofia aliitundika."

"Aliitundika."

"Hakuwa mzembe."

"Hakuwa mzembe, bosi. Ninaomba wenye hoteli waambiwe hivyo. Na mama yake aambiwe."

"Nitawaambia. Nitawaambia leo hii." Akaegemea kiti. "Lakini usitegemee kitu, mama. Mwanzo ilikuwa ni mfanyakazi na kazi yake. Sasa naona ni mambo ya mume na mke. Hoteli itaingiaje hapo?"

Mjane akauliza, kwa sauti ndogo, "Na waya?"

"Waya upi?"

"Waya aliouomba."

"Si umeshabadilishwa?" meneja alisema, akanyoosha kidole dirishani, kule ambako fundi alikuwa anakusanya vyombo vyake.

*

Bibi alikuwa nje anachambua maharage. Mjane aliingia chumbani, akapiga magoti, akaitoa shuka chini ya kitanda, akatoka na kofia. Akaiweka mapajani mwa mama mkwe, juu ya sinia.

Bibi alitoa sauti ndogo ya furaha. Aliikamata kwa mikono miwili, akazika uso ndani yake, akavuta pumzi ndefu, jinsi mtu anavyomnusa mtoto aliyetoka safari. Akakaa hivyo. Kisha akaishusha.

"Inanuka sabuni," alisema.

Mjane alikuwa bado amesimama. Alitaka kueleza, alikuwa ameyapanga maneno tangu uwanjani, kwamba hakuwa anajua, kwamba hakuna aliyemwambia habari za msumari, kwamba alitaka tu awe na kofia safi. Lakini bibi alikuwa anamtazama, na hesabu yake ya kuku ilikuwa imeshatimia.

"Siku ile ilikuwa inanuka nini?"

"Jasho, mama. Na dawa ya maji."

"Basi ulikuwa na harufu yake mkononi," bibi alisema, "ukaisugua."

Hakupiga kelele. Majirani wangesikia kelele wangekuja, wangeshika mikono, wangesema shetani, wangesema bahati mbaya, na pengine wawili hao wangelia pamoja. Bibi alimaliza kuchambua maharage. Akayaosha, akayainjika, akasema moto usizidi. Kofia aliiacha pale alipoishushia, kando ya sinia.

Asubuhi yake aliondoka kwenda kwa binti yake, na mfuko wa plastiki mkononi, wenye mkanda, ndara na bisibisi. Aliwabusu wajukuu. Mkwewe alimsindikiza mpaka getini akiwa nyuma yake kwa hatua kadhaa, na pale getini bibi alisema bila kugeuka, "Rudi, utachelewa kazi."

Kikombe alikiosha mjane mwenyewe, siku hiyo hiyo. Chai ilikuwa imekauka na kuacha duara la rangi ya kahawia ambalo halikutoka.

Hakuna aliyeajiriwa mahali pa Kapteni. Wenye hoteli waliona bwawa si kazi ya mtu mzima siku nzima, wakaliongeza kwenye kazi za dobi, kwa mshahara ule ule, na chumba akaachiwa. Asubuhi anavua majani kwa wavu na kupima dawa, halafu anaingia udobini. Maji ni safi. Kofia iko kwenye sanduku la nguo za watoto, hakuna anayeivaa.

Swichi ya stoo sasa ina kufuli. Pampu ikitaka kusafishwa, inazimwa na kufungwa kwanza. Ufunguo ni mmoja, na anao dobi, amefunga kwenye kamba shingoni, kwa kuwa jikoni hakuna aliyekubali kuushika.